Kitanda kipo, ila cha mtu mmoja

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nipo Boko palepale, semista imetubana, maandalio ya masomo kwa ajili ya field yananisubiri mezani, na umeme ukikatika jioni ndiyo basi tena, unabaki wewe na mbu wako. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki kadhaa sasa, nimeona niliandike kabla halijapoa.

Linahusu nyumba za wanafunzi. Hasa wanafunzi wa uzamili, hawa wakubwa zetu wanaosoma masta na udaktari. Kwa kweli mimi mwenyewe kabla ya mwaka huu sikuwahi kukaa nikawaza wanalala wapi. Unawaona maktaba, unawaona semina, jioni wanapotea. Wanapotelea wapi? Sasa ninajua, maana mmoja wao amepanga nyumba moja nami.

Nianze na swali. Mwanafunzi ni nani? Ukiniuliza mimi wa shahada ya kwanza nitakwambia ni mtu mwenye godoro, begi la nguo, ndoo na simu. Anafika chuo na miaka kumi na tisa au ishirini, hajaoa, hajaolewa, ametoka bweni la kidato cha sita na kuingia bweni jingine. Mtu huyo ukimpa kitanda umemaliza. Kula atakula kantini, kusoma atasoma kwenye vimbweta, kufua atafua bombani.

Hosteli zetu zimejengwa kwa ajili ya mtu huyo. Tukumbuke historia kidogo. Chuo kikuu cha kwanza hapa jijini kilianza Oktoba 25, 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wachache ambao hawakufika hata ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mabweni yakajengwa juu ya kile kilima, upepo unapita. Kwa idadi ya wakati ule yalitosha. Baadaye wanafunzi wakawa wengi kuliko vitanda, na hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mwanachuo wa Dar analijua: kubebana. Aliyepata chumba anambeba aliyekosa, kitanda kimoja watu wawili, kichwa huku miguu kule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja hosteli ya Mabibo, ikapunguza. Aprili 2017 zikafunguliwa hosteli zile zilizopewa jina la Magufuli, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840. Piga hesabu, ni watu 192 kila jengo. Hili lilikuwa jambo kubwa na sitaki mtu anielewe vibaya. Kuna wenzangu wasingemaliza chuo bila vitanda vile.

Lakini angalieni hesabu yenyewe. Tunahesabu nini? Vitanda. Kila hosteli ikizinduliwa, redio itakwambia inachukua wanafunzi kadhaa, yaani ina vitanda kadhaa. Ni hesabu nzuri kwa mtu wa ndoo na godoro. Sasa mlete mtu wa uzamili kwenye hesabu hiyo tuone.

Huyu jirani yangu mimi namwita Mwalimu. Jina lake tuliache. Ni mama wa miaka thelathini na kitu, anafundisha hisabati katika shule ya kata huko mkoani Ruvuma, na mumewe naye ni mwalimu hukohuko. Alifundisha miaka minane ndipo akapata ruhusa ya masomo. Mshahara wake unaendelea, ila ndio huohuo unaolisha nyumba ya kule na nyumba ya huku. Amekuja na mtoto wa miaka miwili na miezi, mtundu kweli, sisi hapa nyumbani tunamwita Dogo. Wakati barua ya kujiunga na masomo inatoka, Dogo alikuwa bado ananyonya. Ungemwacha na nani?

Mwalimu alipofika alikwenda ofisi inayohusika na malazi katika chuo chake, ambacho nacho sikitaji. Ananiambia walimpokea vizuri tu, na heshima zote, shikamoo mwalimu, karibu mwalimu. Wakaangalia kwenye kompyuta, wakamwambia, "Kitanda kipo mwalimu, ila cha mtu mmoja." Akauliza na mtoto je? Wakamwonyesha kanuni. Watoto hawaruhusiwi hosteli. Ukiifikiria, kanuni ina akili yake: ghorofani hakuna vizuizi vya maana, bafu ni la watu kumi, wenzako chumbani wana mitihani. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Jengo ndilo halikumjua. Lilichorwa likamsubiri mtu mmoja, wakaja wawili.

Ndipo akaangukia Boko. Kwa nini Boko? Kwa sababu ya kodi, kama sisi wote. Mimi chumba changu nalipa elfu hamsini kwa mwezi. Yeye ana viwili, laki moja, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi kabla hujaingiza hata ndoo. Karibu na vyuo kwa pesa hiyo utapata chumba kimoja, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Lakini Boko ina bei yake nyingine ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Wasioijua njia ya Bagamoyo, niwapitishe: ukitoka Boko unaipita Tegeta, Africana, Makonde, Tangi Bovu, Lugalo, ndiyo ufike Mwenge ubadilishe gari. Kipande cha Tegeta hadi Mwenge pekee ni karibu kilomita 13. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri unakaa. Ukitoka saa kumi na mbili unasimama. Ukitoka saa moja hata mlangoni hupati pa kuning'inia. Wakati wa masika ndiyo usiseme, maji yakituama upande wa Basihaya watu wanavua viatu wakiwa wamevaa tai. Mwalimu ana kipindi saa mbili asubuhi mara tatu kwa wiki. Dogo anaamka saa kumi na mbili. Hapo unaona hesabu haikubali.

Mwezi wa kwanza alikuwa na dada wa kazi. Akafiwa kwao, akaenda msibani, hakurudi. Tangu hapo ikawa zamu. Mama mmoja hapa nyumbani anayekaanga vitumbua asubuhi anamshika Dogo mpaka saa nne. Bibi mwenye nyumba anampokea. Mimi siku zangu zisizo na vipindi nakaa naye uani huku nasoma saikolojia ya elimu, na niwaambie ukweli, ukisoma hatua za makuzi ya mtoto huku mtoto mwenyewe anakumwagia maji kwenye daftari, unaelewa haraka.

Na hapa ndipo nilipoanza kuliona jambo lenyewe. Nyumba yetu ni ile mnayoiita ya Kiswahili. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, baraza mbele, uani nyuma. Uani kuna jiko, choo, bafu, tangi la maji na kamba za nguo. Ramani hii ni ya zamani sana hapa mjini, Kariakoo yote ya zamani ilikuwa hivi kabla ya maghorofa. Sisi vijana tunaidharau. Tunasema kila mtu anajua umepika nini, choo foleni, faragha hakuna. Ni kweli kabisa. Lakini ramani hiyo inajua jambo moja ambalo ghorofa ya hosteli halijui: mtoto anaweza kucheza mahali ambapo watu wazima sita wanamwona bila yeyote kuacha kazi yake. Anayekaanga anakaanga, anayefua anafua, anayesoma anasoma, na mtoto hawezi kutoka kwa sababu ili afike barabarani lazima aupite ukumbi mzima.

Siku moja jioni umeme haupo, tumekaa uani, nikamuuliza Mwalimu: ungepewa uchore nyumba ya wanafunzi kama wewe ungechoraje? Nilitegemea aanze kutaja vitu vikubwa. Akacheka, akatoa chaki kwenye pochi (walimu bwana, chaki haikosekani) akachora mraba sakafuni, akaugawa kwa mstari mmoja. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nataka mlango. Mlango mmoja tu kati ya kitanda cha mtoto na meza yangu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Usiku Dogo akilala, Mwalimu anatakiwa asome. Akiwasha taa, Dogo anaamka. Vyumba vyake viwili vya Boko vimetenganishwa na pazia, si mlango. Chumba cha pili kinajaa jiko la gesi, ndoo, magunia ya nguo, hakuna nafasi ya meza. Kwa hiyo tasnifu yote ya masta, ambayo inahusu namna watoto wa kidato cha kwanza wanavyojifunza hisabati kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili, anaiandika uani, saa tano usiku, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunga khanga kwa ajili ya mbu.

Basi tukaendelea kuchora. Yeye chaki, mimi maneno. Majirani nao wakajitia. Kila mtu ana maoni kuhusu nyumba, hilo nimejifunza. Ikatoka hivi.

Kwanza jengo lisiwe refu. Ghorofa moja au mbili zinatosha. Chini wakae wenye watoto, juu wakae wasio na watoto, maana si kila mwanafunzi wa uzamili ana familia, na yule aliyekuja peke yake hana kosa hata aamshwe na kilio saa tisa usiku. Kila kaya ya chini iwe na chumba cha kulala, chumba kidogo cha meza chenye mlango wake, bafu lake na jiko dogo. Dirisha la jiko litazame uani. Hili bibi mwenye nyumba alilisisitiza mpaka akasimama: dirisha la jiko likitazama barabarani unamlinda mwizi, likitazama uani unamlinda mtoto.

Pili, upepo. Dar tupo karibu na ikweta, jua linachomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi. Kwa hiyo zile pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, na pande fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Sisi wa pwani upepo wetu tunaujua kwa majina, kaskazi na kusi. Nyumba ifunguke pande mbili, upepo ukiingia huku utokee kule, na juu ya milango kuwe na matundu ya kutolea joto. Watu wa usanifu majengo kule Ardhi wanajua haya kuliko mimi, mimi ni wa ualimu tu. Ila hata mtoto wa Boko anajua kwamba chumba chenye dirisha moja ni tanuri.

Tatu, uani wenyewe. Uwe katikati, uzungukwe na nyumba, uwe na mti mmoja wa kivuli, mwarobaini au mwembe. Tangi la maji liwe juu, kwa sababu maji ya bomba yana siku zake. Na kamba za nguo! Mama wa vitumbua ndiye aliyekumbusha. Hosteli nyingi unaona nguo zimening'inia madirishani kama bendera kwa sababu aliyechora hakukumbuka kwamba wanafunzi wanafua. Sasa ongeza nguo za mtoto.

Nne, baraza mbele. Kimbweta kirefu chenye paa. Mwalimu alisema kitu kinachomuumiza zaidi ya mbu ni kwamba hana mtu wa kuzungumza naye kazi yake. Darasani wapo kumi na wanne, kila mmoja anaishi kona yake ya mji, mmoja Mbagala, mmoja Kibamba, kipindi kikiisha kila mtu anakimbilia daladala. Shahada ya kwanza tunafundishana usiku vyumbani. Wao wanaosoma mambo magumu zaidi ndio wanaosoma peke yao. Hebu fikirieni hilo.

Kesho yake nikaenda na mchoro wangu chuo, nimeunakili kwenye daftari, nikamwonyesha rafiki yangu mmoja wa darasani. Huyu bwana alibebwa mwaka wa kwanza mzima, kwa hiyo mambo ya malazi usimguse. Aliuangalia, akachukua kalamu, akaanza kupiga hesabu pembeni.

Akasema: chukua jengo moja la watu 192. Tuchukulie kila chumba kina watu wanne, hivyo ni vyumba 48. Wewe unataka kila kaya ipate viwili, kwa hiyo ni kaya 24. Umetoa vitanda vya wanafunzi 192 ukaweka wanafunzi 24. Wale 168 unawapeleka wapi? Boko kwako? Sisi tunalala mzungu wa nne, wewe unamjengea mtu sebule!

Nikakosa jibu pale pale. Na sikubali kulipita swali lake kwa haraka, maana ni swali la haki. Ukiwa na vitanda vichache na watoto wa maskini wengi, nani aanze? Binti wa mwaka wa kwanza kutoka Kigoma asiyemjua mtu Dar es Salaam, au mwalimu mwenye mshahara?

Nimelizungusha sana swali hilo, na leo nina majibu mawili.

La kwanza, hakuna haja ya kumnyang'anya mtu kitanda. Jengo la vitanda libaki la vitanda. Nyumba ya uzamili ijengwe kwa hesabu yake tangu siku ya kwanza, hesabu ya milango, na iwe ndogo. Kaya kumi na mbili chini, vyumba vya mtu mmoja ishirini na nne juu, tayari umeshika watu 36 wa uzamili na familia zao. Na watu hawa wanalipa. Mwalimu analipa laki moja kwa mwezi sasa hivi, tena kwa miezi sita ya mbele, kwa nyumba yenye pazia. Ukiongeza nauli na pesa ya mama wa vitumbua inapanda zaidi. Kodi hiyo ingeweza kwenda chuoni ikatunza jengo. Hata kujenga si lazima. Chuo kinaweza kupanga nyumba za uani zilizopo mitaa ya karibu, kikatia milango, kikaweka meza.

La pili ni gumu zaidi. Tukisema uzamili wasubiri mpaka vitanda vya shahada ya kwanza vitoshe, watasubiri milele, kwa sababu havitatosha. Kila mwaka kidato cha sita kinamwaga watu. Lakini hao wanaomwagwa watafundishwa na nani? Wahadhiri wetu wa kesho wanatoka kwenye masta na udaktari wa leo. Ukiweka kanuni kwamba asome uzamili yule tu anayeweza kulala kitanda cha mtu mmoja, umeshachagua ni nani hatakuwa mhadhiri. Utapata wanaume ambao wake zao wamebaki na watoto, utapata vijana waliounganisha moja kwa moja bila kufundisha hata siku moja, na utapata wenye ndugu Masaki. Mwalimu wa shule ya kata mwenye mtoto mchanga, ambaye ndiye anayejua nini kinatokea kidato cha kwanza, huyo humpati. Hakuna aliyemkataza. Hakuna mlango wake tu.

Na jamani hili si jambo la kufikirika. Wenzetu walishaliona zamani. Hapo Makerere, ambao kati ya 1963 na 1970 tulikuwa nao chuo kimoja cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi, kuna bweni la wanafunzi wa uzamili peke yao. Linaitwa Dag Hammarskjöld, jina la yule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki kwa ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961. Kuwatenga na kelele za shahada ya kwanza ni hatua, hata kama suala la watoto ni jingine.

Marekani, chuo cha Harvard kilijenga Peabody Terrace, kando ya mto Charles, ikakamilika mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi wenye ndoa. Aliyeichora ni Josep Lluís Sert, mzaliwa wa Barcelona. Kuna minara mitatu ya ghorofa 22 na nyumba zinazokaribia 500, na ili kubana matumizi lifti inasimama kila baada ya ghorofa tatu tu, watu wengine wanamalizia kwa ngazi. Hilo mimi lilinichekesha, nikamfikiria Mwalimu na Dogo na mtungi wa gesi kwenye ngazi. Maghorofa hayo hayatufai. Ila ona uamuzi wenyewe: chuo kilikiri rasmi kwamba mwanafunzi anaweza kuwa na mke na mtoto.

Kinachotufanana zaidi ni kidogo, kipo Cambridge ya Uingereza, kinaitwa Clare Hall. Kilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya wasomi wa ngazi za juu, na majengo yake yakafunguliwa mwaka 1969. Mchoraji wake, Ralph Erskine, aliweka majengo ya chini chini, nyumba za familia, vyumba vya kusomea na ukumbi wa kulia, vyote pamoja katika eneo moja. Nilipoziona picha nikamwonyesha Mwalimu kwenye simu. Akaangalia sana, akasema, "Kumbe na wao wana uani." Tulicheka mpaka bibi akatoka kuuliza kuna nini.

Mchoro tumemaliza, lakini hakuna aliyeujenga, na muda haumsubiri mtu. Mwezi uliopita msimamizi wa Mwalimu alimrudishia sura ya pili kwa mara ya tatu, na mama wa vitumbua akapata kibanda Bunju, asubuhi hayupo tena. Mwalimu akabaki na njia mbili. Aache masomo arudi Ruvuma, au Dogo arudi bila yeye. Kuna siku mbili hapa nyumbani hatukusikia redio yake kabisa. Siku ya tatu akampigia mama mkwe.

Dogo aliondoka Jumamosi na baba yake, ambaye alikuja kumfuata. Mwalimu aliwasindikiza hadi stendi ya Mbezi, mimi nikabeba begi. Mtoto alifurahi basi, hakulia. Aliyelia mnamjua. Tukiwa kwenye daladala ya kurudi akaniambia kwamba sasa angeweza kupata kile kitanda cha hosteli, maana ni mtu mmoja. Aliomba wiki iliyofuata, na amepata. Kodi ya Boko imebaki miezi miwili, mwenye nyumba harudishi. Anasema ana meza sasa, na taa inawaka mpaka usiku wa manane, na sura ya pili imepita. Kila siku saa moja jioni anapiga simu Ruvuma, na Dogo anaongea naye dakika moja kisha anakimbilia kucheza.

Mtaniambia basi tatizo limekwisha, amepata kitanda, anasoma. Kwenye hesabu ya vitanda ndiyo, limekwisha, na takwimu zitaonyesha mwanafunzi mmoja wa uzamili amepangiwa malazi. Mimi naona hesabu hiyo imemficha mtoto mmoja.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la watu wa masta wakati mimi hata ya kwanza sijaimaliza? Kwa sababu ninasoma ualimu. Sisi wa ualimu, safari yetu inajulikana. Tunamaliza, tunasubiri ajira, tunapelekwa shule ya kata fulani, tunafundisha miaka mitano, minane, tunaoa, tunaolewa, tunazaa, halafu siku moja tunataka kurudi kusoma. Nusu ya darasa letu ni Mwalimu huyuhuyu, bado hajafika tu. Rafiki yangu wa hesabu za vitanda nilimwambia hivyo juzi. Akanyamaza kidogo, akauliza kama kwenye ule mchoro chumba cha meza kinaweza kuongezwa dirisha.

Nimemwambia kinaweza. Daftari ninalo. Kuna ukurasa mzima ambao bado ni mweupe, na nyinyi mliosoma na watoto mgongoni, au mliolala ofisini ili mmalize tasnifu, nyinyi ndio mnajua tumesahau nini. Niambieni, niongeze.

Ni hayo kwa leo. Maji yametoka, nakimbilia kujaza ndoo.